Stelingi Analipwa na Nani? Maswali Ninayoulizwa Kila Siku Kuhusu Willy Gamba, Joram Kiango, Bond na Wenzao

Naazimisha vitabu hapa Mwanga, Kigoma, kwenye kibanda ambacho nusu yake ni vitabu na nusu ni vocha na chaja za simu. Vya shule hutafutwa mitihani ikikaribia, vya dini huulizwa bei tu. Vinavyochakaa hadi kupoteza jalada ni vya majasusi na makomando, hasa vile ambavyo shujaa ni yule yule kitabu hadi kitabu. Maswali nayo ni yale yale. Nimechoka kuyajibu huku nahesabu chenji, kwa hiyo nimeyaandika.

Sijawahi kusoma hata kimoja. Nianze na nani?

Kabla sijakujibu nakuuliza: unataka shujaa anayelipwa na nani?

Wengi hucheka wakidhani natania. Sitanii. Bastola hulia namna moja katika vitabu vyote, na ngumi ni ngumi. Kinachobadilisha hadithi ni mshahara. Shujaa wa serikali ana bosi, ana tiketi ya ndege, ana pasipoti tatu, na akifa kuna mtu atakayeijulisha familia. Anayejitegemea akikamatwa hana pa kupiga simu. Wa tatu ni yule anayelipwa na watu asiowajua vizuri, na huyo ndiye anayeniweka macho hadi alfajiri, maana hata yeye hajui kama yuko upande wa haki.

Kwa Kiswahili mgawanyo uko wazi. Willy Gamba ni mtu wa serikali. Joram Kiango ni bwana wa nafsi yake. Bwana Msa, mpelelezi wa Zanzibar, halipwi na mtu, anasukumwa na udadisi na kiko chake. Niambie unataka kukesha na yupi, nikutolee kitabu.

Willy Gamba ni nani hasa? Baba anamtaja kana kwamba alisoma naye.

Baba yako hajakosea sana. Willy Gamba ni jasusi wa Tanzania aliyebuniwa na Aristablus Elvis Musiba. Alitokea kwenye Kufa na Kupona mwaka 1974, akarudi kwenye Kikosi cha Kisasi mwaka 1979, na vingine vikafuata. Ana bosi anayeitwa Chifu, basi, jina hilo linatosha. Chifu akimwita, ujue kuna watu watakufa na kuna hoteli nzuri italala mtu.

Vijana wakimsoma leo huona kama Musiba alitia chumvi: majasusi wa makaburu kila kona, mabomu, wasaliti ndani ya vyama vya ukombozi. Hapo huwa nawasimulia kidogo. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963. FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na vyama vingine vya ukombozi walikuwa na ofisi mjini pale. Februari 3, 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, alifungua kifurushi kilichokuja kwa sura ya kitabu, kikamlipukia, akafa, hapo hapo Dar es Salaam. Miaka mitano baadaye ndipo Willy anaingia madukani. Msomaji wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa adui ni nani, alikuwa amemsikia redioni.

Ndiyo maana mshahara wa Willy haumchafui. Anaitumikia serikali, lakini serikali yenyewe siku zile ilikuwa vitani kwa ajili ya nchi za jirani. Mtoe mahali hapo umpeleke kwenye kugombania mafuta au almasi za tajiri fulani, atabaki mwanamume mwenye suti nzuri anayependa wanawake kupita kiasi. Na kwa wanawake, kweli anapita kiasi. Kuna kurasa ambazo wateja wangu wa kike hunirudishia wakiwa wamenuna, na sina cha kuwajibu.

Musiba alifariki mwaka 2010.

Ni kweli Joram Kiango ni wa Kigoma?

Joram siyo, aliyemuumba ndiye. Ben R. Mtobwa alizaliwa mwaka 1958 mkoani kwetu, akafariki mwaka 2008. Sisi wa mwisho wa reli tukipata cha kujivunia tunakishika kwa mikono miwili, kwa hiyo kabatini kwangu rafu ya juu ni ya Mtobwa, na Ian Fleming, mwandishi wa James Bond, anakaa chini karibu na betri.

Joram alianza kama mpelelezi wa kujitegemea. Ana ofisi yake, ana msaidizi, Neema Iddi, na baadaye anakuja Nuru, ambaye kwa maoni yangu ana akili kuliko Joram mwenyewe. Polisi wanawakilishwa na Inspekta Kombora, mtu mwaminifu anayefika daima dakika kumi baada ya mambo kwisha. Uhusiano wa wale wawili ndio utamu wenyewe. Kombora anamhitaji Joram na hampendi, kisha anampenda na hakiri. Willy hana kitu kama hicho, kwa sababu Willy na polisi wanakula chungu kimoja.

Angalia pia majina ya vitabu. Tutarudi na Roho Zetu? lina alama ya kuuliza kabisa kwenye jalada. Lazima Ufe Joram ni kama tishio lililoandikwa ukutani. Mtobwa alijua kuwa mtu ananunua akiwa amesimama stendi, basi la Kasulu linanguruma, na ana nusu dakika ya kuamua.

Willy na Joram wakikutana, nani atashinda?

Hili swali limewahi kuvunja urafiki mbele ya kibanda changu. Msimamo wangu: risasi ya kwanza ni ya Willy, asubuhi ya pili ni ya Joram. Willy amefundishwa kuua. Joram amezoea kukosa msaada.

Bwana Msa anaingiaje humu? Si mwanajeshi wala jasusi.

Haingii, lakini bila yeye hawa wengine wasingekuwa na mlango wa kupitia. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtoa kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha mwaka 1960, akaendelea naye hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Yeye ndiye aliyemzoesha msomaji wa Kiswahili kwamba mtu yule yule anaweza kurudi kitabu kingine na kesi nyingine, na sisi tukamngoja. Kiswahili chake ni cha Unguja, kimejaa mafumbo. Mwanafunzi mmoja wa Ujiji aliniambia alikisoma na kamusi pembeni, na alifurahi zaidi kwenye kamusi.

James Bond wa vitabuni ni yule wa sinema?

Jina ni lile. Mtu siyo. Bond wa Ian Fleming, aliyeanza mwaka 1953 na Casino Royale, anaumizwa, anaogopa ndege ikitikiswa na dhoruba, anachoka, na mara nyingine anaichukia kazi. Fleming mwenyewe alifanya kazi katika idara ya ujasusi ya jeshi la maji la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na vitabu aliviandikia Jamaica. Jina la shujaa alilichukua kwa mtaalamu wa ndege, ndege hawa wenye mabawa, aliyeandika kitabu kuhusu ndege wa visiwa vya kule. Alitaka jina lisilo na ladha yoyote. Leo ndilo jina lenye ladha kuliko yote, mambo ya dunia haya.

Vitabu vyake kuhusu Bond ni 14: riwaya 12 na mikusanyo miwili ya hadithi fupi. Vilivyokuja baada ya kifo chake mwaka 1964, ukiacha viwili vya mwisho vilivyochapwa akiwa kaburini, ni kazi ya watu wengine. Usinilaumu ukichukua cha hao ukakiona chepesi.

Nataka wa kweli zaidi. Bond ananichosha.

Chukua George Smiley. John le Carré, ambaye jina lake halisi ni David Cornwell, alizifanyia kazi idara zote mbili za ujasusi za Uingereza, MI5 ya ndani ya nchi na MI6 ya nje, kabla ya kuishi kwa kalamu. Smiley anaanza mwaka 1961. Ni mfupi, mnene, amevaa miwani na huifuta kwa tai yake. Mkewe humkimbia. Hapigi mtu. Silaha yake ni mafaili na subira.

Rejea swali langu la mshahara. Smiley naye analipwa na serikali, kama Bond, kama Willy. Lakini serikali yake inamstaafisha, inamrudisha ikikwama, inamstaafisha tena, na wakati mwingine inawatoa watu wake kafara bila kuwaambia. Mzee mmoja mstaafu wa reli, mteja wangu wa siku nyingi, alirudisha kitabu akasema, "Huyu mtu alikuwa shirikani na sisi." Sijasikia uhakiki bora kuliko huo.

Ila uwe na subira. Ukizoea Willy, kurasa hamsini za kwanza za Smiley ni kama kusubiri meli gatini.

Na Jason Bourne?

Ndiye wa kundi la tatu, asiyemjua mwajiri wake. Robert Ludlum alimwanzisha mwaka 1980: wavuvi wanamwokota baharini, Mediterania, ana majeraha ya risasi, hajui jina lake, na nyamani mwake kumefichwa namba ya akaunti ya benki ya Zurich. Nilimsimulia mvuvi wa Katonga mwanzo huu. Akaniuliza kama wale wavuvi waliripoti kwa mwenyekiti wa mtaa. Hawakuripoti. Akatikisa kichwa, akasema hao nao ni majasusi.

Ludlum aliandika vitatu tu vya Bourne. Vingine ni vya Eric Van Lustbader na waliomfuata.

Jack Reacher anafanya kazi wapi?

Hafanyi, na ndiyo raha yake. Alikuwa meja wa polisi wa jeshi la Marekani, akaacha, sasa anazunguka nchi kwa mabasi na lifti, mfukoni ana mswaki wa kukunja na hela kidogo. Nguo zikichafuka ananunua nyingine, anazitupa za zamani. Hapa kwetu mtu wa namna hiyo tungemwita mzururaji na mgambo wangemchukua, lakini kitabuni ana futi sita na inchi tano, kwa hiyo mgambo wangefikiri mara mbili.

Mwandishi wake, Lee Child, ni Mwingereza aliyepoteza kazi ya televisheni, akakaa chini kuandika. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1997. Mwaka 2020 alianza kuandika pamoja na mdogo wake, Andrew.

Wale makomando wa Kimarekani wametofautiana nini?

Kidogo. Mitch Rapp wa Vince Flynn na Scot Harvath wa Brad Thor unaweza kuwachanganya ukiwa na usingizi: serikali inawalipa, na ikiulizwa inawakana. James Reece wa Jack Carr, aliyeanza mwaka 2018, ana hasira ya kweli, kwa sababu waliomlipa ndio waliomgeuka, na mwandishi mwenyewe alikuwa komando wa jeshi la maji. Court Gentry wa Mark Greaney ni wa kukodiwa. Wote wanawaona Waarabu na Warusi kwa jicho moja, na msomaji wa Kigoma lazima alijue hilo kabla hajafungua, hasa akiwa ametoka kuswali.

Jack Ryan wa Tom Clancy ni jambo jingine. Clancy alikuwa wakala wa bima, kitabu chake cha kwanza kikachapwa mwaka 1984 na wachapishaji wa taasisi ya jeshi la maji la Marekani. Ryan anaanza kama mchambuzi wa karatasi, anapanda cheo hadi anakuwa Rais. Ni mtumishi wa umma wa pekee ninayemjua ambaye upandishwaji wake wa vyeo haukucheleweshwa.

Kwa nini stelingi hafi?

Kwa sababu mwandishi ana ada za watoto.

Ila wapo waliojaribu. Fleming alimaliza kitabu chake cha mwaka 1957 kwa Bond kuanguka sakafuni na sumu mwilini. Mwaka uliofuata Bond yuko hospitali, anapona, anatumwa Jamaica. Nina wateja ambao wakishajua stelingi hafi wanakosa hamu. Kwao nasema wawatazame wanaosimama karibu naye. Katika vitabu hivi kifo humzunguka shujaa, kikachukua rafiki, mpenzi, dereva wa teksi. Dereva wa teksi katika riwaya ya kijasusi ana kazi ya hatari kuliko komando.

Hakuna mwanamke shujaa? Nimechoka kusoma wanawake wa kulala hotelini.

Wapo wachache, na kabatini kwangu ni wachache zaidi. Modesty Blaise wa Peter O'Donnell alianza kwenye katuni za gazetini mwaka 1963, akaingia riwayani mwaka 1965. Liz Carlyle ni wa Stella Rimington, mwanamke wa kwanza kuiongoza MI5, kwa hiyo ofisi anazozieleza alizikalia. Kwa Kiswahili, msome Nuru kwa makini, usimwache awe kivuli cha Joram. Dada, ukiandika mwenyewe mpelelezi wa kike wa Kibirizi, nitakiweka rafu ya juu.

Mwanangu ana miaka 13. Asome kipi?

Alex Rider wa Anthony Horowitz. Jasusi wa miaka 14, hana mambo ya chumbani. Willy asubiri, mama.

Nitakuza Kiingereza kwa vitabu hivi?

Utakuza, ukianza na Lee Child: sentensi fupi, maneno ya kawaida, kitu kinatendeka. Clancy atakufundisha majina ya mitambo ya nyambizi, ambayo mtihani wa kidato cha nne haujali. Le Carré mwache hadi ukimwelewa mwalimu wako wa Kiingereza akitania.

Mashushushu wa kweli wanaishi hivi?

Walioacha kazi wakaandika wanasema sehemu kubwa ni kusubiri na kuandika ripoti. Anayekuambia kijiweni kwamba yeye ni shushushu, siyo.

Mbona Kigoma haimo kwenye vitabu hivi?

Hapa nitakalia kiti, maana hili linaniuma. Mji wetu una visa ambavyo Musiba na Fleming wangegombania.

Cha kwanza. Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walitawala Ziwa Tanganyika kwa meli zao, bandari ikiwa hapa. Waingereza wakaleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kwa treni kuelekea kaskazini, kisha zikaburutwa porini na milimani kwa maksai na mashine za mvuke, hadi upande wa Kongo. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa kituko anayevaa sketi. Mpango wote ulisimama juu ya jambo moja: Wajerumani wa Kigoma wasijue. Desemba 26, 1915, boti hizo zikaiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 Waingereza wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Ilipobaki Graf von Götzen, Wajerumani wakaizamisha wenyewe Julai 1916, lakini mafundi kwanza waliipaka mitambo grisi, wakijua itarudi. Ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Fundi anayezamisha meli huku anaitunza! Yule analipwa na nani, na moyo wake uko kwa nani? Hiyo ni riwaya nzima. C. S. Forester aliokota cheche za vita hivyo kwa ajili ya The African Queen ya mwaka 1935, lakini humo sisi ni mandhari tu.

Cha pili. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa usiku kutoka Kigoma kuingia Kongo. Wacuba wale walijipa majina ya siri ya Kiswahili, wakahesabu: Moja, Mbili, na Che akawa Tatu. Fikiria, mtu anayetafutwa na CIA, majasusi wa Marekani, jina lake la kificho ni lile ambalo mtoto wa chekechea hulijua. Novemba mwaka ule ule wakarudi, wameshindwa. Babu za watu hapa waliwaona bila kuwajua.

Kwa hiyo swali lako nakurudishia. Kigoma haimo kwa sababu bado hujaiandika.

Nisome kwa mpangilio?

Bourne na Reece, ndiyo. Reacher, hapana, popote. Joram, anza kokote lakini kabla ya Nuru kuingia ni bora.

Nina pidiefu ya Willy kwenye simu. Nikurushie?

Usinirushie. Familia ya mwandishi haioni hata senti ya bando lako.

Bei, na nikichelewesha?

Shilingi 500 kwa siku tatu. Ukivuka hapo, 200 kila siku. Aliyeingia ziwani mwezi ukiwa gizani simtozi, najua dagaa hawana ratiba ya maktaba.

Nimeazima kitabu, kurasa nne za mwisho hazipo. Ulijua?

Nilijua. Zilichanwa kabla hakijafika kwangu, na nakala nyingine sijaipata. Ndiyo maana kile nakitoa bure. Ukifika pale Joram anaposhika kitasa cha mlango, njoo kibandani jioni, baada ya saa kumi na mbili, wateja wa vocha wakipungua. Nitakusimulia yaliyobaki. Lete kahawa.